Jina Lililomshinda Preben

Ngumi ya Aqqaluk ilimpata Preben katikati ya mdomo, jino likaruka likaangukia juu ya mkate wake mweusi uliopakwa maini. Kabla hajainuka, ya pili ikampasua nyusi. Wachinjaji wenzao, watu waliozoea damu tangu alfajiri, walisimama na vikombe vya kahawa mikononi wakitazama tu.

"Nimekwambia mara ngapi?" Aqqaluk alikuwa akihema. "Mimi siyo Eskimo wako! Nina jina!"

Preben alitema damu huku akicheka. "Lile nalo jina, bwana? Si kikohozi lile?"

Miaka minne walikuwa wamesimama bega kwa bega katika machinjio hayo ya nguruwe huko Jutland, na miaka minne Preben alimwita Eskimo, neno la dharau kwa watu wa Greenland, hata siku Aqqaluk aliporudi kutoka kwao Greenland alikokwenda kumzika mama yake. Si chuki, Preben alijiambia, ni utani tu. Utani gani huo, anayecheka ni mmoja na mwenzake kila siku anameza machungu?

Bodil, mwakilishi wa wafanyakazi, alijitosa katikati yao. "Preben, timu nzima ya mpira ya Poland unaitaja jina kwa jina bila kujing'ata. Hili moja ndilo linakushinda?"

"Ulimi wangu mzito, Bodil."

"Ulimi au roho?"

Ofisi haikumfukuza mtu. Iliwapa wote wawili onyo, kisha ikabandika karatasi kando ya mashine ya kahawa: tuitane kwa majina yetu, tusiitane kwa asili zetu. Preben aliibandua, akafutia kisu. Aqqaluk alimwona, na safari hii hakuinua mkono.

"Sawa," alisema polepole. "Kuanzia leo ukiniita hivyo sigeuki. Hata jengo liwe linaungua."

"Tutaona, Eskimo."

Kweli hakugeuka. Wiki nzima Preben aliita, akapiga miluzi, akarusha vipande vya mafuta, na alichopata ni mgongo.

Ijumaa msumeno mkubwa ulizimwa usafishwe, ukumbi ukawa kimya. Preben akasikia chuma kikilia juu. Kizuizi cha reli ya juu inayobeba nyama kilikuwa kimekatika, na nusu za nguruwe zilizoning'inia kwenye ndoano, safu nzima, zikaanza kuteremka kwa kasi. Mwisho wa mteremko alikuwapo Aqqaluk, ameinama, amezipa mgongo, kisu mkononi.

"Eskimo!"

Preben aliliona bega likishtuka. Alikuwa amesikia. Hakugeuka.

"We! A... Ak..." Ulimi hauna mfupa, husemwa, lakini wa Preben siku hiyo uliota mfupa. Miaka minne hakuwahi kulitamka jina lile hata mara moja, na sasa alipolitafuta mdomoni hakulikuta.

Nyama ya kwanza ilimpiga Aqqaluk mgongoni, ya pili ikambamiza kwenye meza ya chuma, na kisu chake mwenyewe kikazama pajani, karibu na kinena. Damu iliruka mpaka kwenye vigae vya ukutani. Hakuna mchinjaji asiyeujua mshipa mkubwa upitao pale.

Preben alikimbia akapiga magoti, akakandamiza jeraha kwa mikono yote miwili. Damu ikapenya vidoleni, moto.

"Mwongeleshe!" Bodil alipiga kelele, simu sikioni, akiita gari la wagonjwa. "Mwite, asilale!"

"Linatamkwaje? Bodil, linatamkwaje?"

"Aqqaluk! Litoe kooni!"

"Akaluk," alisema Preben. "Akaluk, ndugu yangu, fumbua macho."

Midomo ya Aqqaluk ilisogea kidogo. "Siyo hivyo."

"Akhaluk. Nisamehe. Akaaluk!" Alilia waziwazi mbele ya watu, akikandamiza, akikosea, akirudia.

Mara ya saba au ya nane likatoka sawasawa, lote. Preben akangoja aambiwe kwamba ndivyo. Chini ya viganja vyake damu ilikuwa imeacha kusukuma; moyo wa Aqqaluk ulikuwa umesimama.