Vipimo vya Binti

Asubuhi ya Jumanne fundi cherehani alibana pini tatu midomoni, kama alivyofanya miaka thelathini, akasahau kwamba mdomo ule haukuwa tena wa kuwekea kitu. Dawa za saratani zilikuwa zimeuchubua wote, ulimi na mashavu kwa ndani. Alizitoa huku machozi yakimlengalenga, akazichomeka kwenye sanamu la kupimia nguo. Halikuwa na kichwa wala mikono. Alilitengeneza kwa vipimo vya binti yake, mwaka binti alipoolewa.

Wiki iliyopita nesi alimwonya. Kilo nne zimekwenda. Akipungua tena, dozi itaahirishwa. Ilikwisha kuahirishwa mara moja, na fundi aliogopa.

"Sukutua kwa maji ya chumvi na magadi soda kidogo," nesi alisema. "Uji upoe kabisa. Pilipili uisahau, mama."

Jumatano fundi alikuta maji ya kusukutua yamekwisha kukorogwa, na sanamu limesogea jikoni. Uji uliowekwa karibu nalo ulipoa upesi, ukateremka bila kuchoma. Alimaliza bakuli zima, akalipangusa sanamu vumbi mabegani.

"Ahsante, mwanangu. Ila chumvi umezidisha."

Alhamisi haikuzidi.

Jumamosi binti alipiga simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Nani anakupikia?"

"Wewe."

"Mama nawe na utani wako! Mwenzio kazi zimenibana. Mwezi ujao nakuja, Mungu akipenda."

Mwezi ujao huo ulikuwa wa tano sasa. Fundi alikata simu. Alijisikia mpweke hata kusukutua akaona uvivu.

Siku ya dozi alilipakia sanamu kwenye teksi. Dereva akalifunga mkanda. Kliniki mizani ilionyesha kilo moja zaidi, nesi akafungua fomu.

"Umesindikizwa na nani?"

"Binti yangu."

Nesi alilitazama sanamu, akaandika, akalivutia kiti. Kisha akampa fundi vipande vya barafu avimumunye ili mdomo usichubuke zaidi, akafungulia dripu.

Ujumbe uliingia kwenye simu: *Pole mama, nimebanwa. Mwezi ujao.* Fundi alitoa futi ya kupimia mkobani, akaizungusha kiunoni mwa sanamu kwa mkono usio na sindano. Inchi ishirini na sita, zilezile za gauni la harusi. Kiuno cha binti mwenyewe siku hizi hakukijua.