Ukuta Ulioniamkia

Niliota usiku wa jana kwamba nimetumwa kuchunguza ukoo wa Nakundwa, msichana ambaye mwanangu Kiangi anataka kumwoa. Kazi hiyo ni yangu kweli, hata nikiwa macho. Kwetu Upare posa haipelekwi kabla mzee mmoja hajauliza kama upande wa pili kuna kifafa, wizi au wazimu. Nami jibu nilikuwa nalo tayari: mama yake Nakundwa husikia sauti za watu wasiokuwapo. Asubuhi ningewaambia wazee kwamba ukoo ule haufai, na shemeji yangu nilikuwa nimeshamdokezea.

Katika ndoto nabisha hodi kwao. Mlango unafunguka, nami nimo ndani ya kichwa cha yule mama.

Nilitarajia uchafu. Nakuta sebule iliyofagiwa, viti vimefunikwa vitambaa vya kudarizi, hewa inanukia sabuni. Viatu vyangu ndivyo vyenye matope. Naona aibu, lakini sivivui, kwa kuwa nimekuja kikazi.

Mama Nakundwa anapiga deki. Kando yake askari watatu wenye marungu wanaupiga ukuta kwa zamu, kwa utaratibu mzuri, kama watu wanaotwanga.

"Ninyi ni nani?" nauliza.

"Kinga ya mwili," anajibu mkubwa wao, akipiga saluti. "Tunailinda nyumba hii."

"Kwa kuibomoa?"

"Tunafuata amri, mzee. Amri inasema, anayefanana na adui apigwe. Adui alipita hapa zamani amevaa shati la rangi ya ukuta huu. Yeye aliondoka. Ukuta haukuondoka."

Rungu linatua. Ukuta unasema kwa sauti nyororo, "Shikamoo, Mzee Yoeli."

Shule ya misheni ilinifundisha kuitikia salamu, lakini salamu za ukuta hazikuwamo katika masomo. Ukuta unaniamkia tena. Masikio yananiwaka.

"Itikia tu," anasema Mama Nakundwa bila kuinua uso. "Hata mimi nilianza hivyo hivyo, kwa adabu."

Naagiza adui aletwe. Sebule inageuka mahakama ya mwanzo, nami najikuta nimeketi juu ya meza badala ya nyuma yake. Anaingia Homa, bibi mnene aliyejifunika blanketi, jasho likimtiririka.

"Ni wewe uliyemtia mama huyu wazimu?"

"Inawezekana," anasema Homa. "Nilimpitia mama yake alipokuwa na mimba yake. Pengine hawa askari walianza kuchanganyikiwa hapo. Pengine mtoto alikuwa na jambo lake la kuzaliwa nalo, mimi nikaongezea. Wengi niliowapitia hawakupata neno. Wataalamu bado wanabishana."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Ningekuwa najua ningekwambia, baba. Wewe ulijuaje upesi hivyo?"

"Ni ukoo."

"Ulimwuliza nani?"

Sikuwa nimemwuliza mtu. Natazama dari, ambayo nayo ilikuwa safi. "Nimeona kwa macho yangu," nasema. "Mama ni mgonjwa, na binti anafanana na mama yake."

Askari wanaacha kupiga. Wanatazamana.

"Kumbe mwenzetu," anasema mkubwa wao. "Tungejua tungekuletea kiti."

Wananivika sare. Mikono ni ya urefu wangu. Vifungo vinafika shingoni bila kubana. Natafuta kasoro katika sare ile, walau uzi mmoja uliolegea, sioni.

Hapo Nakundwa anaingia na sinia la chai. Anapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Huyo sasa," askari ananinong'oneza. "Anafanana. Mpige."

Rungu sina. Namnyooshea kidole cha shahada.

Mama Nakundwa anaweka tambara chini, anajifuta mikono kwa khanga, anasimama mbele ya binti yake. "Mzee Yoeli, nipige mimi. Mimi kelele nimeshazizoea. Huyu hajasikia kitu."

Nataka kukishusha kidole. Hakishuki. Askari mkubwa anakisogelea, anakikagua kutoka ukucha hadi kifundo.

"Kinafanana na rungu la adui," anasema, na kwa heshima zote anakipiga.

Niliamka. Kulikuwa kumekucha, na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Kiangi, wazee wamefika. Kijana naye amekaa nao, chai hajaigusa. Wanangoja useme."

"Nakuja."

"Shemeji yako anasema umeshakataa. Anasema umeuchunguza ule ukoo ukaona haufai. Ni kweli?"

Nilitaka kumwonyesha koti langu lilipotundikwa, ili nipate nafasi ya kufikiri. Kidole hakikunyooka. Kifundo kilikuwa kimevimba, chekundu na cha moto.

"Umekilalia?" mke wangu aliuliza.

"Kimepigwa."

"Na nani?"

Nilikitia mfukoni, nikaenda sebuleni. Mwanangu alisimama kunipokea, akanyoosha mkono. Nikampa wa kushoto, mbele ya wazee wote, mimi niliyemchapa utotoni kwa kosa hilo hilo. Kisha nikawaambia kwamba ukoo ule sikuuchunguza, na kwamba posa ipelekwe.