Tawi la Uani kwa Bi Kuluthumu

Evodia, ambaye mtaa mzima humwita Mama Anna, ni mtu wa hofu. Wingu likitanda anaogopa radi, lisipotanda anaogopa njaa. Simu ikiita, kabla hajasema haloo anauliza, "Nani kafa?" Kwa hiyo siku binti yake Anna alipotoka maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni amekumbatia mche, mizizi imefungwa kipande cha gunia, Evodia aliuliza maswali matatu bila kupumua: una miiba? Una sumu? Unaleta nyoka?

"Ni mlichi, mama," Anna akajibu. Wakati huo alikuwa kidato cha kwanza. "Unazaa tunda dogo la mviringo, ganda jekundu lina vipele, ndani jeupe, lina maji matamu. Huku kwetu hakuna mwenye nao."

"Kama hakuna mwenye nao ipo sababu," mama akasema.

Nyumba yao iko nyuma ya Chimwaga, huko ambako kila mwezi mtu anainua chumba kipya cha kupangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Elieza, baba yake Anna, ni fundi mwashi. Evodia mwenyewe alimaliza darasa la saba kwao Mlali, na tangu aolewe kazi yake ni kukata matawi ya mizabibu kwenye mashamba ya watu. Msimu wa kukata ukifika, wenye mashamba humtafuta yeye kwanza, maana mkono wake ni mwepesi na hauumizi mzabibu.

Mtu anayejua mimea angetegemea kuona ule mche umekauka ndani ya mwaka. Dodoma si mahali pa kubembeleza miti. Lakini alichofanya yule mtoto, nani alimfundisha? Alichimba shimo la kumfika kiunoni, akatoa ule udongo mgumu unaogeuka tofali jua likiupiga, akarudishia udongo wa juu na mbolea ya mbuzi iliyolala mwaka mzima. Mbichi aliikataa, alisema inaunguza mizizi. Shinani akatandaza maganda ya karanga, magunia na magunia, mjomba wake anamletea kutoka Mlali. Maji ya kisima cha mtaani yana chumvi, mwenyewe ukinywa unaisikia ulimini. Anna hakuyagusa. Alikinga ya mvua kwenye mapipa, akayafunika, na mtu akichota ya kuogea Anna alimgombeza. Mwezi wa sita, upepo ule unaopasua midomo ulipoanza, akausimamishia mti wake ukuta wa mabua.

Mti ukaota. Ukapita kimo cha mtu, ukapita ukuta wa nyumba, majani ya kijani kizito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Watu waliokuja kuulizia chumba cha kupanga walisimama kuuangalia kwanza. Evodia akiwa shambani kwenye zabibu aliwasimulia wenzake mpaka wakachoka, ila akifika nyumbani alimwambia Anna, "Usijisifu sana, haujazaa bado."

Na kweli haukuzaa. Mwaka wa nne hakuna, wa tano hakuna. Anna akamaliza shule, akaenda Mpwapwa kusomea mifugo chuoni, na mti ukabaki na mama yake.

Ndipo Elieza alipofyatua matofali. Akayapanga hatua tatu kutoka kwenye shina, akafuta mikono, akasema, "Mama Anna, mimi si mtu mbaya. Huo mti nimeupa miaka. Mwaka huu nao upite, Januari nisipoona tunda naukata, naweka msingi wa chumba. Kivuli hakilipi ada."

Evodia hakulala vizuri wiki nzima. Alimjua mwanawe. Anna akipiga simu kutoka Mpwapwa, salamu ya kwanza kwa wazazi, ya pili kwa mti.

Hapa sasa, mama mwenzangu unayesoma, tega sikio, maana Evodia hakufanya kosa kwa ubaya. Alifanya kwa mapenzi, na makosa ya mapenzi ndiyo tunayoyafanya bila kusita.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei, amemaliza kukata shamba kubwa la zabibu. Huko kwenye zabibu kila mtu anajua: mzabibu usipokatwa hauzai. Unakata tawi unaacha macho mawili, chipukizi jipya linatoka na mashada yake. Mzabibu ulioachwa ujiendee unajaa majani matupu. Evodia akarudi nyumbani, mkasi ungali mfukoni, akautazama mlichi umejaa majani. Akajipiga paji la uso. "Maskini mti wa watu! Miaka yote haujakatwa hata mara moja!"

Alifikiria kumpigia Anna. Salio halikuwepo, na zaidi ya hapo alitaka iwe furaha ya ghafla. Akaegemeza ngazi ya mume wake, akaanza juu. Alikata kama anavyokata siku zote, mkato wa mshazari, safi, macho mawili, macho mawili, mpaka jua likamchoma kisogoni na mti ukabaki kama mwanafunzi aliyenyolewa siku ya kufungua shule.

Likabaki tawi moja nene, lililovuka uzio wa minyaa na kulalia uani kwa jirani, Bi Kuluthumu. Evodia alinyoosha mkono, akausimamisha. Kilichoingia uani kwa mtu hukigusi bila kumwambia mwenyewe, na Bi Kuluthumu alikuwa kwao Kondoa kwenye arobaini ya kaka yake. Utakata vipi mti juu ya ua wa mtu aliye msibani? "Akirudi nitamwomba," akasema, akashuka.

Anna alirudi likizo katikati ya Juni. Alitua begi, akamwamkia mama yake shikamoo, akazunguka nyuma ya nyumba. Evodia akamfuata anatabasamu, anasubiri kusifiwa.

Anna aliuzunguka mti mara moja. Kisha akauliza, "Baba?"

"Baba yako kafanyaje?"

Anna akashika ncha ya tawi moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Hapana. Baba angekata kwa panga. Huu ni mkono wako, mama. Macho mawili."

"Nimeusaidia," Evodia akasema, na sauti yake mwenyewe ilimwambia kwamba hakusaidia.

"Mlichi hutoa maua kwenye ncha. Ncha zilizokomaa, baridi inazipiga, mti una kiu kidogo, ndipo zinatoa maua. Nilikuwa nazihesabu tangu Pasaka. Ndio mwaka wake huu." Alisema taratibu, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake. Angempigia kelele ingekuwa nafuu.

Evodia aliketi palepale juu ya maganda ya karanga, kanga ikamdondoka begani. "Nimekuulia mti."

"Hujauua. Utachipua. Ila matunda ya mwaka huu umeyaweka chini." Kisha Anna akaona kule kwenye minyaa. Akaenda, akainama, akachungulia. Akarudi macho yamemtoka. "Mama! Na lile mbona hukulikata?"

"Lile liko kwa Bi Kuluthumu. Ningelikataje na mwenyewe hayupo?"

Anna akaanza kucheka, akamshika mama yake mikono akamnyanyua. "Adabu yako imetuokoa. Basi mwaka huu shamba letu liko Kondoa, uani kwa Bi Kuluthumu."

Elieza alipoelezwa alitikisa kichwa. "Tawi moja si mti."

"Baba, ulisema ukiona tunda. Hukusema mangapi."

"Mwanangu umesomea ng'ombe au sheria?" akauliza, lakini alicheka puani, na Januari ikabaki Januari.

Mwishoni mwa Julai, Bi Kuluthumu amesharudi, sauti yake ikavuka uzio asubuhi. "Mama Anna! Huu mti wenu mbona umenijazia nyuki uani? Siwezi kuanika hata kunde!"

Evodia alikwenda mbio na kandambili za mguu mmoja mmoja, hazilingani. Lile tawi lilikuwa limefunikwa mafungu ya vimaua, rangi ya uji wa mtama, nyuki wanavuma. Alimshika Bi Kuluthumu mabega, akamsimulia yote, ya mkasi, ya Januari, ya tawi ambalo hakulikata.

"Kwa hiyo mume wako akitaka kuona tunda atakuja kwangu apige hodi," Bi Kuluthumu akasema, akajifuta machozi ya kicheko. "Waache nyuki. Kunde nitaanika barazani."

Anna alikuwa amesharudi Mpwapwa, na tangu siku hiyo Evodia hakufanya jambo bila kuuliza. Vocha alikuwa nazo kila wakati. "Anna, kuna jani limejikunja, nifanyeje?" "Liache, mama." "Anna, kuna chungu wanapanda." "Waache." "Anna, vijitunda vinaanguka!" "Vitaanguka vingi, mama, mti unajipunguzia. Nipo kwenye kipindi, nakata simu."

Jambo moja Anna alilisisitiza. Kuanzia vijitunda vilipofikia ukubwa wa njegere, mti upewe maji kidogo kidogo bila kuruka, kila siku ya tatu, mpaka mvua zifike. Ukiuacha ukauke halafu mvua ya kwanza iushukie kwa nguvu, matunda yatapasuka yote. Na huo ndio wakati Dodoma inapokauka hadi mbuzi analamba ukuta. Mapipa ya mvua yaliisha mwezi wa tisa. Bi Kuluthumu akafungua kisima chake cha kukingia maji ya paa, akasema, "Chota, mimi na wewe tuna mtoto mmoja huku juu." Evodia akabeba ndoo kila siku ya tatu, mgongo unamuuma, analalamika njia nzima na hakosi.

Jambo la pili lilimpa hofu hasa. Anna alimwambia lichi mbichi zisiliwe, na mtoto ambaye hajala kitu asipewe kabisa, kuna nchi watoto waliugua vibaya wakazimia kwa kuzila mbichi na tumbo tupu. Evodia aliwapitia akina mama wote wa mtaa nyumba kwa nyumba kuwaambia. Na mimi nawaambia ninyi. Tunda geni lina uzuri wake na lina masharti yake, uliza yote mawili.

Mvua ya kwanza ilipiga Desemba, ya mawe. Ilipokatika Evodia hakuthubutu kwenda kuangalia. Bi Kuluthumu ndiye aliyeita: "Zimeanguka nyingi! Lakini zilizobaki hazijapasuka! Njoo uhesabu!" Zilibaki kumi na tisa.

Anna alikuja kwa Krismasi akazikuta zimeanza kuiva, ganda lake jekundu lenye vipele, zinaning'inia juu ya beseni la Bi Kuluthumu la kufulia. Hakuziruhusu ziguswe. "Haziivi zikishachumwa," alisema. "Zisubiriwe." Zikasubiriwa mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Hapo Elieza alikuwa ameshanunua mifuko ya saruji.

"Shemeji hajaja?" Bi Kuluthumu akauliza. "Mimi sipeleki sahani kwake. Aje."

Elieza akaja. Alipiga hodi kwa jirani yake wa miaka kumi na miwili kama mgeni, ana vumbi la kazi nyusini.

"Mbukwa, shemeji," Bi Kuluthumu akamsalimu kwa utani, kwa Kigogo. "Umekuja kutafuta tunda?"

"Nimeitwa na wanawake watatu, ningefanyaje?"

Anna akakata kishada kwa mkasi, na kijiti chake, akambandulia baba yake moja. Elieza akaitazama ile nyama nyeupe inayopenyeza mwanga, akaitia mdomoni. Hakutafuna haraka. Evodia alikuwa ameshika upindo wa kanga kwa meno. Elieza akatema mbegu kiganjani, nyeusi, inang'aa, akaigeuzageuza. Akanyoosha mkono kwa ya pili.

"Baba, sema basi!" Anna akasema.

"Kuna umri wa kula kitu usichowahi kukila," Elieza akasema. "Nilidhani nimeupita." Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyotazama ukuta uliosimama wima bila timazi. "Hivi haya yote uliyajua wapi, wewe?"

"Niliuliza."

"Na ule upande uliokatwa?"

"Utazaa mwakani. Kama hakuna atakayeusaidia."

Wote wakamgeukia Evodia, na Evodia akacheka pamoja nao, machozi yanamtoka. Chumba Elieza alikijenga upande wa lango, kidogo kuliko alivyotaka.

Kabla Anna hajarudi chuoni, Bi Kuluthumu aliomba mche wake mwenyewe. Anna akachagua tawi lenye unene wa kidole gumba, akachota udongo mlaini akaulowanisha, akakata kipande cha nailoni na kamba. "Gome linamenywa pete moja, kuzunguka," akaeleza. "Halafu tunafunga udongo, litaota mizizi likiwa huku huku juu." Akamwekea mama yake kisu mkononi.

Evodia akarudi nyuma. "Mimi? Huu mti mimi nisiushike tena."

"Mtaa huu hakuna mwenye mkono kama wako, mama. Kilichokosekana ni kuuliza tu."

Evodia akapanda ngazi. Akaweka kisu kwenye gome, akakiondoa, akakiweka tena.

"Hapa?"

"Hapo."

"Si juu kidogo?"

"Hapo hapo, mama."

"Una hakika, Anna?"

"Kata."