Posa ya Shule

Pale Bagamoyo, mtu akiletewa posa ya binti yake, kabla hajajibu lolote alimtafuta Mwajabu binti Kitwana. Huyo ndiye aliyetumwa kupeleleza nyumba ya mposaji. Mlango wa mbele hakuupita abadani, maana mbele, alisema, kila mtu amefagia. Alizunguka uani, akaomba maji ya kunywa, na mpaka anarudisha kata alikuwa keshajua nani anapika, nani ananuna, na mama mkwe ana ulimi wa namna gani. Watu walimcheka kwa umbea wake, kisha wakamfuata tena posa nyingine ilipokuja.

Basi mwaka ule wa sabini na nne, mwanawe Shaikha alimaliza darasa la saba, na majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza yalipobandikwa, lake halikuwamo. Mwajabu alilia jioni moja tu. Kisha akapenga kamasi, akamwambia mumewe, "Baba Shaikha, zipo shule za kulipia. Tutazipeleleza kama tunavyopeleleza wakwe."

Mumewe, Mahfoudh, alikuwa na duka la vitambaa, mtu mpole ila mwenye msimamo. Ndugu yake wa Pangani alikuwa ameleta posa, anamtaka Shaikha kwa mwanawe Majid. Siku posa ilipotajwa pale sebuleni, Shaikha aliinamisha kichwa akanyamaza. Na kwao binti akiulizwa habari ya mume akanyamaza, basi keshakubali. Huona haya kusema ndiyo, lakini hapana angeisema. Ndivyo walivyomhesabu.

"Tukipata shule ya maana, atasoma, na Majid atangoja," Mahfoudh alisema. "Tusipopata kabla ya shule kufunguliwa, tunaozesha. Binti mkubwa kukaa tu nyumbani akihesabu boriti, mimi sitaki."

Mwajabu hakulitaka hilo. Yeye aliishia madrasa. Kurani aliisoma vizuri, ila barua zake zote aliandikiwa na watu. Alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba Shaikha hatakuja kumbembeleza mtu amsomee siri zake.

Shule ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam. Ilikuwa na geti la chuma, kibao cha maandishi ya dhahabu, na wanafunzi waliovaa makoti yenye nembo kifuani. Mkurugenzi aliwapokea kwa bashasha. Mahfoudh alilishika koti la mwanafunzi mmoja, akalisugua kwa vidole viwili kama afanyavyo dukani.

"Sufu hii," alimnong'oneza mkewe. "Sufu ya kweli."

"Tunamsomesha au tunamshonea?" Mwajabu alijibu, akaomba aonyeshwe choo.

Kwa kisingizio hicho akatokea nyuma ya shule, penye ua wa makuti. Palikuwa na mama anakaanga vitumbua, na wanafunzi wamemzunguka kama kuna karamu. Kengele ya mapumziko ilikuwa haijalia. Mwajabu alinunua kimoja, akauliza kama mtu asiye na haja, "Wanangu, hamna masomo?"

"Tunayo, mama," msichana mmoja alijibu huku akilamba vidole. "Mwalimu ndiye hatuna."

Aliporudi ofisini, Mkurugenzi alikuwa bado anasema. Kila swali la Mahfoudh alilidaka kabla halijafika mwisho. Shaikha alikaa kitini mikono mapajani, na hakuna aliyemtupia jicho. Walipotoka, Mwajabu alisimulia habari ya vitumbua. Mahfoudh aliligeukia lile geti kwa masikitiko, kama mtu anayeacha jora zuri la kitambaa kwa sababu lina tundu.

Ikabaki shule moja tu, iliyoanzishwa na wazazi upande wa Mapinga. Geti haikuwa nalo. Sare zake zilikuwa za kitambaa hafifu ambacho Mahfoudh hakutaka hata kukigusa. "Hii ikifuliwa mara tatu, unaona hadi upande wa pili," alinung'unika.

Mwajabu alizunguka nyuma kama kawaida yake. Mapipa yalijaa maji, vyoo vya wasichana vilikuwa na milango na makomeo yake, na jikoni maharage yalichambuliwa kabla ya kupikwa. Akaanza kutabasamu. Kisha akapita dirishani mwa darasa moja, akasikia jambo lililomfuta tabasamu lote. Msichana mdogo kuliko Shaikha alinyoosha mkono akasema, bila kupepesa, "Mwalimu, umekosea pale." Mwalimu mwanamume mzima akatazama ubao, akachukua dasta, akafuta.

Mwajabu alishika mdomo. Alirudi kwa mumewe akihema. "Maji yapo, walimu wapo, chakula kisafi. Ila adabu hakuna! Mtoto anamrudi mwalimu mbele za watu! Nyumba ambayo mtoto anamkosoa mkubwa, mimi sijapata kuipasisha."

"Basi tuage," Mahfoudh akasema. "Majid wa watu anangoja."

Shaikha alikuwa nyuma yao, ameyasikia yote.

Waliingia ofisini kuaga. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ashatu, alikuwa mwanamke wa makamo aliyejifunga ushungi. Alisimama. "Shikamoo, mama yangu. Shikamoo, baba."

"Marahaba," walijibu. Mwajabu akajisemea kwamba huyu angalau kafunzwa.

"Nimeambiwa umepita jikoni kwetu," Mwalimu Ashatu alisema, akicheka kidogo. "Vizuri sana. Wengi huishia hapa ofisini." Kisha akawaacha wazazi, akamgeukia msichana. "Nawe mwenyewe, binti? Umeionaje shule?"

Shaikha akainamisha kichwa.

Mwajabu, kwa mazoea, akamsemea. "Keshasema, Mwalimu. Huoni kanyamaza?"

"Samahani, mama. Mimi mtoto wa Pangani, desturi hiyo nimekua nayo. Lakini nikiwa darasani mtoto akinyamaza, sijui kama ameelewa au amepotea. Kwa hiyo namngoja."

Akangoja kweli. Mahfoudh alikohoa. Jikoni mtu alikuwa akitwanga. Mwajabu alihisi maneno yanamwasha ulimi, akaubana kwa meno asije akamjibia mwanawe tena.

"Yule msichana," Shaikha alisema mwishowe, sauti ikitoka kwa shida, "aliyesema mwalimu kakosea. Atachapwa?"

"Kwa nini achapwe? Si mwalimu alikosea kweli?"

"Na kama angekosea yeye?"

"Angeonyeshwa alipokosea, akakaa, masomo yakaendelea."

Shaikha akainua kichwa. "Basi nataka kusoma hapa." Akavuta pumzi, akamgeukia baba yake. Macho hakuyashusha. "Na ile ya Pangani, baba, siku ile sikukubali. Nilikuwa natafuta maneno. Nilipoyapata, mlikuwa mmekwishapitisha kahawa."

Mwajabu aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Nyumba zote zile alizozipeleleza, alikuwa amewauliza majirani, mashangazi, hata wachota maji. Binti mwenyewe hakupata kumuuliza hata mmoja. Alitamani kumkumbatia mwanawe papo hapo, na alitamani pia ardhi impasukie, na vyote viwili vilimjia kwa pamoja.

Mahfoudh alikuwa akikitazama kitambaa hafifu cha sare kilichokunjwa mezani. Alikichukua, akakisugua kwa vidole viwili, asiseme lolote.

"Baba Shaikha," Mwajabu alisema, "nawe usinyamaze. Hapa kimya hakihesabiki."

Mwalimu Ashatu aligeukia dirishani kuficha kicheko. Mahfoudh alimtazama mkewe, akamtazama bintiye kwa muda, na uso wake ukalegea taratibu.

"Nimekubali," alisema. "Pangani nitakwenda mwenyewe kuwaambia." Akakiweka kile kitambaa mezani. "Ila sare zake nitamshonea mimi, kwa kitambaa changu."

"Kwa rangi yetu," alisema Mwalimu Ashatu.

"Kwa rangi yenu," Mahfoudh akakubali, na Shaikha akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu majina yalipobandikwa.