Marhamu ya Baiskeli

Tone lilidondoka sebuleni. Kimya. Likadondoka jingine. Kiza kilikuwa bado hakijaachia, na Somoe alijua si maji, maana ndoo zote zilikuwa tupu tangu jana. Akapapasa ukuta mpaka ilipoegemezwa baiskeli ya mumewe, akagusa cheni. Ilikuwa laini, ina joto, na ilinuka kama dagaa waliosahaulika mfukoni.

"Baba Mwanasha," akaita. "Baiskeli inatoa usaha."

Mujibu alikuja na tochi ya simu. Jana alasiri aliifungua baiskeli nzima uani, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, na grisi ilipokosekana akachota yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho, ambazo mkewe huzibangua nyumbani. Somoe alimwambia yanababua.

"Yanababua nyama," alimjibu. "Chuma kina nyama?"

Sasa kilikuwa nayo. Malengelenge yalipangana kuanzia kwenye pedeli hadi gurudumu la nyuma, mengine yamepasuka, ngozi ya kijivu ikining'inia kwenye spoku. Paka alikuwa akilamba sakafu. Somoe alimfukuza, akatapika kidogo, akabandika maji ya chumvi.

Kulipokucha alipita Yunusi, fundi baiskeli wa pale Chiungutwa. Akachungulia, akaziba pua.

"Hii si ya spana, Mujibu. Na usiniletee kijiweni, nina wateja wanaokula."

Wakaenda zahanati, Mujibu akisukuma, Somoe akipunga nzi. Muuguzi, Isabela, aliandika kadi: baiskeli, miaka kumi na moja, vidonda vya kuungua. Akatoa kikopo cha marhamu, ndicho kilichobaki. Kisha akaiona mikono ya Somoe, vidole vyeusi vilivyochanika, vinabanduka ngozi kama viazi vya kuchemsha.

"Na huyu?"

"Huyo kazoea," alisema Mujibu. "Mwaka wa saba huu anabangua."

"Nipate kidogo tu," alisema Somoe. "Nikimwogesha mtoto, mikono inamchoma."

"Mama Mwanasha," Mujibu alimwambia kwa upole, "cheni ina pingili ngapi? Tukianza kugawana, haifiki."

Isabela akamkabidhi marhamu mwenye kadi.

Siku nne Somoe alikamua usaha, mwingine ukimrukia shingoni. Marhamu alipaka kwa unyoya wa kuku, kwa sababu Mujibu aliogopa vidole vya mkewe vitaiambukiza baiskeli. Bandeji alizichana kwenye kanga yake ya kutokea. Majirani walikuja kumpa Mujibu pole ya kuuguza, wakaketi upande upepo unakotokea, harufu isiwafikie.

Siku ya tano magamba yalidondoka, na chini yake chuma kilikuwa kinang'aa. Somoe aliyafagia, akayafukia nyuma ya choo. Mujibu akapanda akaenda zake Lulindi, cheni haitoi hata mlio.

Jioni hiyo Somoe alibangua korosho zilizolimbikizana. Alipomaliza alinawa kwa majivu, akanawa kwa sabuni, akanawa tena. Akaweka beseni uani, akaonja maji kwa kiwiko, yalikuwa vuguvugu kama apendavyo mtoto. Akamwita.

Mwanasha alivua gauni mwenyewe. Akaitazama mikono ya mama yake iliyonyooshwa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, leo nitaoga mwenyewe."