Ndimi Tatu za Mshumaa

Nilikuwa namwomba Mungu anipe mtoto wa jicho. Wenzangu wa umri huu wanaomba wajukuu. Mimi, muuguzi mstaafu wa wadi ya macho, naomba ukungu. Lenzi ikiingia ukungu daktari huitoa, akaweka nyingine, na mtu akaona tena. Jicho la kulia nilishalizika mwaka jana. Hili la kushoto nalo limeanza kufifia; likizimwa na presha ya macho, ile iliyompofusha mama yangu kwa kuua mshipa kule nyuma ya jicho, basi ndiyo imetoka.

Daktari alinipangia vipimo wiki tatu mbele. Wiki tatu nisingeziweza. Nikamwambia mume wangu, fundi saa, afunge mapazia mchana ule ule.

"Unakumbuka mambo ya mshumaa?"

"Nisikumbuke vipi, Sista? Si uliniunguza nyusi?"

Kweli, enzi za chuo nilijifunzia kwake. Ukisogeza mshumaa mbele ya jicho zima utaona ndani yake ndimi tatu za moto: mbili zimesimama, na moja ndogo iko kichwa chini, inakwenda kinyume na mkono wako. Lenzi ikiwa na ukungu, hiyo ya kichwa chini haionekani. Kwa hiyo nilitaka mbili. Sikumwambia, maana nilitaka hesabu safi.

Akabana jichoni kile kioo chake cha kazi, akasogea mpaka pumzi yake ikanigusa shavu.

"Moja. Ya pili hii hapa, hafifu."

Akasogeza mshumaa kidogo. Ishia hapo, nikasema moyoni, nakuomba ishia hapo.

"Na kale kadogo, kichwa chini. Mkono ukienda kulia, kenyewe kushoto. Tatu, Sista. Jicho zima hili."

"Hesabu tena."

"Tatu."

"Umechoka wewe. Hesabu tena."

"Mke wangu, miaka arobaini nahesabu meno ya magurudumu madogo kuliko punje ya mchele. Ni tatu. Sasa mbona unalia?"

Nikamwambia, tena kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeniwekea lenzi safi. Tatu maana yake lenzi haina kosa. Ubovu uko nyuma, na kilichokufa kule hakifufuki.

Akanishika kidevu, akaniinua uso, na joto la mshumaa likarudi karibu yangu.

"Mbili," akasema. "Nilikosea. Naziona mbili tu."

Tangu nimjue hajawahi kukosea hesabu, na uongo hauwezi, huwa unamkwama kooni. Nilisikia nta ikimdondokea mkononi, na mkono haukuondoka.

"Hesabu tena," nikamwambia.

"Mbili."

"Tena."