Njiwa wa Mbao wa Selwyn Holdroyd

Kabla ya mambo haya, mimi Percy Naylor nilikuwa mlenga shabaha nambari moja wa bunduki ya upepo katika bonde letu lote, na kama kuna mtu hapa Yorkshire anayebisha, aje tukae baani tubishane vizuri. Nimewahi kumpiga panya ndani ya ghala la Dougie Rudd, panya yuko nyuma ya gunia la shayiri, mimi niko nje kwenye mvua, ninachokiona ni kivuli cha sharubu tu. Nimewahi kuwaangusha sungura wawili kwa kirisasi kimoja, na wa tatu akafa kwa mshangao. Dougie anasema sungura hao huongezeka kila glasi yangu inapopungua. Dougie anafuga kondoo, na mtu akikaa sana na kondoo huona wivu hata kwa panya wa mwenzake.

Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa na sifa gani, kwa sababu sifa hiyo niliipoteza asubuhi moja mbele ya watu, na niliipoteza makusudi.

Ilianza mwezi wa tatu. Nilikuwa nateremka na baiskeli, bunduki iko kwenye mfuko wake mgongoni, mara Thelma Holdroyd akanisimamisha langoni pake. Nilimfahamu kwa kumwona tu. Mumewe, Selwyn, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Wewe ndiye Bwana Naylor anayeua panya kwa kuwatazama?"

"Umepunguziwa habari, Bi. Holdroyd. Wengine hufa wakisikia jina."

"Basi njoo uwatajie njiwa wangu jina lako. Wananimalizia kabichi."

Kwetu huingii shamba la mtu na bunduki hivihivi. Unavua kofia, unaomba ruhusa, mnashikana mikono, basi. Na ruhusa hiyo ni ya wale waharibifu waliokuleta. Wakiisha njiwa, nawe umeisha. Hutakiwi kurudi kumsumbua mwenye shamba eti kwa sababu jiko lake lina joto na kwako hamna wa kusema naye. Tulishikana mikono pale langoni. Mkono wake ulikuwa na udongo, nami nilichelewa kidogo kuuachia.

Kabichi zenyewe hazikuwa za kula. Selwyn alikuwa na mbegu yake, aliyoitunza tangu ujana wake, ya kabichi yenye majani ya zambarau pembeni ambayo hutaikuta kwa mtu mwingine. Majira ya baridi panya walitoboa mfuko wa mbegu wakala zote. Zilizobaki ni zile zilizokuwa ardhini tayari, mistari miwili tu, zinasubiri joto zichanue na kuzaa mbegu upya. Zikiliwa hizo, mbegu ya Selwyn imekwisha duniani. Thelma aliwahi kuweka wavu, lakini kindege kikanasa kikafa kikining'inia, naye akaung'oa siku hiyohiyo na kuuchoma moto.

"Njiwa wako akianguka papo hapo, hilo nitalivumilia," akaniambia. "La kuning'inia sitaki kuliona tena."

Akanipeleka bustanini. Nami nikaona kitu kikanikausha ulimi, na wanaonijua watakwambia ulimi wangu haukauki.

Katikati ya kabichi, juu ya kijiti, alikaa njiwa wa mbao. Kazi nzuri ajabu. Selwyn alikuwa na mkono wa fundi, na wawindaji wa bonde letu walikuwa wakimwagiza ndege wa mbao wa chambo miaka mingi. Huyu alimpaka rangi ya kijivu, kifua cha waridi, na baka jeupe shingoni. Kichwa kimeinama, mdomo chini, kama anayedonoa.

"Huyu ndiye wa mwisho aliyemchonga," Thelma akasema. "Nilimkuta juu ya meza yake ya kazi. Nimemweka hapa alinde." Akamfuta njiwa mgongo kwa ncha ya aproni, taratibu, kama unavyomfuta mtu mabega anapotoka kwenda kanisani.

Sasa, kila mwindaji wa njiwa anajua jambo hili. Njiwa aliyeinua kichwa anawaambia wenzake: kuna hatari, pitieni mbali. Njiwa aliyeinamisha kichwa anawaambia: shukeni, chakula kipo, hapana neno. Selwyn alichonga mwita wageni. Thelma, ambaye hakuwahi kushika bunduki, akamweka katikati ya kabichi za marehemu awe mlinzi. Kutwa nzima yule ndege alikuwa akiita bonde zima karamuni.

"Analinda vizuri?" akaniuliza.

Nikatazama mkono wake juu ya mgongo wa yule njiwa.

"Ana bidii," nikasema. "Bidii anayo."

Basi nikawa naenda. Nilijificha kwenye banda la zana, mtutu dirishani, na kila nikiangusha wawili, watatu huja kuuliza waliopotea. Nikimaliza, nawanyonyoa njiwa nje ya mlango wa jikoni, naye anatengeneza pai, tunakula. Kulikuwa na kiti cha mbao karibu na jiko, chenye mto wa kijani. Hicho kilikuwa cha Selwyn. Mimi nilikalia stuli. Nilimsimulia Thelma habari za sungura wangu watatu, akacheka mpaka akashika meza.

"Bwana Naylor, ulibatizwa wewe?"

"Nilibatizwa, lakini maji yalikuwa haba."

Nilikuwa nikirudi nyumbani nikiimba. Mtu wa umri wangu, juu ya baiskeli, anaimba. Kondoo wa Dougie walinishangaa.

Lakini kabichi zilikuwa zinaisha. Mwezi wa nne zilirefusha mashina, zikatoa vichomozo vya maua, na hakuna kitu njiwa anakipenda kama vichomozo hivyo. Mstari mmoja ukaenda wote. Wa pili ukabaki na mapengo kama meno yangu. Siku hiyo Thelma hakucheka na chochote. Alimimina chai akaisahau.

"Zikienda hizi zilizobaki," akasema, "Selwyn atakuwa amekwenda mara ya pili."

Usingizi haukuja. Nimwambieje? Kwamba kitu cha mwisho alichokichonga mumewe ndicho kinachomaliza kitu cha mwisho alichokipanda? Nimwondoe yule njiwa kimyakimya? Dirisha la jikoni linamtazama moja kwa moja, na kila asubuhi Thelma humsalimu kabla ya kuweka birika. Na kuna jambo jingine nililijua vizuri sana. Yule njiwa akitoka pale, wenzake hawatakuja. Wasipokuja, ruhusa yangu imekwisha, na stuli yangu, na pai.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilipofika, Dougie alikuwa ameegemea lango, amekuja kuulizia kondoo wake aliyepotea.

"Njoo uone namna wanaume wanavyolenga," nikamwambia. Nilimhitaji awe shahidi, maskini, na hakujua.

Niliingia bandani. Nilimweka yule njiwa wa mbao kwenye darubini ya bunduki, na sikumlenga kifua. Pale shingoni, kichwa kilipochomekwa kwa kijiti kidogo na kugundishwa, palikuwa na ufa mwembamba wa gundi, mwembamba kama unywele. Nikavuta pumzi, nikaishika. Mwaka mzima sikuwahi kulenga kwa uangalifu vile. Nikafyatua.

Kichwa kikaruka kikatua kwenye udongo. Halafu Dougie.

"Percy! Percy, umempiga mbao! Mzee mzima, njiwa wa mbao! Ngoja nikuletee kisu, umnyonyoe!"

Thelma akatoka, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi.

"Ukungu, Bi. Holdroyd," nikasema. "Na macho ya kizee. Nilidhani ni wa kweli."

Aliinama akaokota kichwa, akamng'oa njiwa kwenye kijiti, akawafunga wote wawili kwenye aproni. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango polepole. Angeubamiza ningeshukuru.

Baani sikupumua. Dougie alilitangaza jambo lile kama kifo cha mfalme. Nikiingia, mtu anapiga kelele: "Ficheni viti, Seremala kaja!" Nikikaa: "Tulia, Percy, hiyo ni meza tu, haijakufanyia kitu." Walinijazia glasi vumbi la mbao wakasema ndilo supu ya ndege wangu. Nikacheka nao. Nilijaribu mara moja kusema kweli, kwamba nililenga ule ufa wa gundi na nikaupiga katikati. Baa nzima ililia kwa kicheko. Maisha yangu yote nimewauzia sungura wa kubuni wakanunua. Siku niliyoleta kitu halisi wakakikataa.

Sikupita tena langoni pa Thelma. Nilikuwa nazunguka kwa barabara ya juu, mbali, na kutoka huko nikachungulia bustani yake. Wiki ya kwanza hakukuwa na njiwa. Wiki ya pili vichomozo vilisimama vizuri. Kisha nikaona manjano. Maua, mstari mzima wenye mapengo, yanawaka manjano. Nilisimama pale na baiskeli mpaka mvua ikanifukuza.

Siku mbili tatu baadaye mlango wangu ukagongwa. Thelma, na kikapu.

"Nimekuja na marehemu," akasema.

Akamweka njiwa juu ya meza yangu, mwili huku, kichwa kule, na kopo la gundi ya Selwyn katikati. Akavua kitambaa cha kichwa akakaa bila kukaribishwa.

"Nataka kumrudishia kichwa. Nimekiweka hivi, nimekiweka vile, sina hakika kilitazama wapi. Nikasema, yupo mtu aliyemtazama sana. Alimtazama mpaka akamuua."

Nikakichukua kile kichwa. Kilikuwa kidogo kama yai la njiwa. Nikisema chini, amrudishe kama alivyokuwa, njiwa watashuka kesho asubuhi, na keshokutwa nitakuwa kwenye stuli na kisahani magotini. Neno moja tu, tena la kweli.

"Juu," nikasema. "Kigundishe kitazame juu."

"Mbona nakumbuka kama kiliinama?"

"Kiliinama. Lakini kiweke juu."

Akanitazama. Yale macho hayakutaka hadithi ya sungura. Basi nikamweleza yote, kichwa cha kuinama ni nini na cha kuinuka ni nini. Nilisema nikiitazama meza.

Akauvuta ule mwili wa njiwa karibu yake.

"Kwa hiyo siku zote hizo alikuwa akiwaita."

"Alichongwa aite, Bi. Holdroyd. Alikuwa akifanya kazi yake."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza. Kumbe anacheka. Kisha akawa analia kweli, kisha yote mawili kwa pamoja.

"Ndiye mwenyewe!" akasema. "Selwyn mtupu! Hakuwahi kuona mtu anapita barabarani asimwite ndani ale. Mpiga picha, muuza brashi, hata yule aliyekuja kutukatia umeme alikula pai kwanza. Nilimgombeza miaka yote: Selwyn, utatumaliza!" Akajifuta kwa kitambaa. "Nawe uliyajua haya tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

"Na ule ukungu?"

"Ukungu ulikuwapo. Ila mimi niliona vizuri."

Akakigeuza kichwa, akaitazama ile shingo iliyoachana palepale kwenye gundi, mbao yenyewe haina hata mkwaruzo.

"Na wamekucheka hivi mpaka kijiji cha pili."

"Walihitaji kitu cha kucheka. Kondoo wa Dougie hawachekeshi."

Gundi ile ya kizamani hutaka kushikiliwa. Yeye akashika mwili, mimi kichwa, kinatazama juu, tukakaa hivyo vidole vikigusana mpaka chai niliyomimina ikapoa. Nilikuwa na hadithi kama kumi tayari mdomoni. Zote nilizimeza.

Alipoondoka, akageuka mlangoni.

"Sasa njiwa hawatakuja."

"Hawatakuja."

"Na ruhusa yako?"

"Ilikuwa ya njiwa," nikasema. "Ndivyo ilivyo kwetu."

"Ndivyo ilivyo," akasema, akafunga kitambaa chake, akaenda.

Majira ya joto yakapita. Kutoka barabara ya juu nilimwona mlinzi kwenye kijiti chake, kichwa juu, na hakuna ndege aliyethubutu. Maua yakaanguka, maganda yakajaa, yakakauka. Siku moja nikaona mstari umekatwa, mashina yamefungwa mafungu na kuning'inizwa chini ya paa la banda, na karatasi imetandikwa kupokea mbegu. Nikajisemea, basi, imekwisha vizuri. Nikashuka kwa barabara ya chini kwa mara ya kwanza tangu ule ukungu. Bunduki niliiacha nyumbani.

Langoni pake nikashika breki.

Njiwa wa mbao hakuwa bustanini. Alikuwa juu ya nguzo ya lango, ameelekezwa barabarani. Shingo ilikuwa imevunjwa tena na kugundishwa upya. Alama ya gundi imemzunguka kama kola. Kichwa kimeinama, mdomo chini kabisa. Na kutoka dirisha la jikoni kulikuja harufu ya pai.

Nimewawinda njiwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Najua afanyalo njiwa akiona kichwa kimeinama hivyo: huzunguka mara moja, hujifanya ana safari zake. Nami nikajishughulisha na mnyororo wa baiskeli, ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Percy!" sauti ikatoka mlangoni. Percy, si Bwana Naylor. "Utazunguka hapo mpaka ipoe?"

Ndani, stuli haikuwapo. Kilikuwapo kile kiti chenye mto wa kijani, kimevutwa karibu na meza, na sahani imewekwa mbele yake.

Nikatua.